Kutoka Kasri la Barghash hadi Harusi za Bawshar

Mgeni anayeshuka Maskati hupitishwa Bawshar apende asipende. Barabara kuu ya Sultan Qaboos inaikata wilaya hii kutoka magharibi hadi mashariki, na kandokando yake vimepangwa vitu ambavyo serikali ya Oman hupenda vionekane: Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 2001, majengo ya wizara kule Al Khuwair, uwanja wa michezo wa mwaka 1985, na upande wa bahari, Shati al-Qurum, Jumba la Opera la Kifalme. Mwaka 1970 hapakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Bawshar lilikuwa jina la vijiji vya mitende chini ya milima, vyenye mifereji ya falaji, ngome kuukuu, na chemchemi ya maji moto huko Ghala. Kati ya vijiji hivyo na bahari palikuwa na uwanda mtupu na matuta ya mchanga. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali na kama kilomita 10 tu za lami.

Mji ulipoanza kuumeza uwanda huo, miongoni mwa waliojenga humo walikuwamo watu waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora na Bujumbura. Serikali ilisema wanarudi kwao, ingawa wengi wao Oman walikuwa wakiisikia tu kwa babu zao. Walikuja na vyeti vya skuli, Kiingereza cha ofisini, Kiswahili cha jikoni na taarab. Na hapo pana kioja. Taarab ilianzia katika kasri la mtawala wa ukoo wa Al Busaid, ukoo uleule unaotawala Maskati mpaka leo, lakini ilipofika katika nchi ya ukoo huo ikapokewa kama ngeni. Kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka mia moja, hadi kwa mtu mmoja aliyependa makubwa.

Seyyid Said bin Sultan alikuwa amehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Alipofariki mwaka 1856 wanawe wakagombania urithi: Thuwaini akabaki na Maskati, Majid akashika Unguja, na mwaka 1861 Waingereza wakaupiga muhuri mgawanyo huo. Barghash, mdogo wao, hakuridhika. Alijaribu kumpindua Majid, akashindwa, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliporudi na hatimaye kukalia kiti mwaka 1870, alikuwa mtu aliyeona mji mkubwa na kuutamani. Akajenga Beit el-Ajaib, akavuta maji ya mfereji, mwaka 1875 akazuru Uingereza. Kasri lake lilikuwa na bendi ya Wagoa iliyopiga matarumbeta. Lakini kwa burudani ya usiku alitaka kitu kingine, na alikipata Misri.

Angalia alikoelekeza macho. Hakuagiza waimbaji kutoka Nizwa wala Rustaq, nchi ya wazee wake, ambako maulamaa wa Kiibadhi hawakuwa na hamu na vinanda. Aliagiza kutoka Cairo. Cairo ya Khedive Ismail ndiyo iliyokuwa mji wa Kiarabu uliokwenda na wakati, na tangu mwaka 1869 ilikuwa na jumba lake la opera. Barghash akaleta wapigaji wa Kimisri, kisha akamtuma Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Cairo akajifunze. Huyo aliporudi akafundisha wenziwe, na kasri likapata kikundi chake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza muziki huu ulikuwa jibu la swali la cheo: sisi wa Unguja tunataka kufanana na nani?

Mwaka 1905 vijana wa mjini, wengi wa nasaba za Kiarabu, wakauchukua muziki huo nje ya kasri na kuunda chama, Ikhwani Safaa. Jina walilitoa kwa wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, na kwa jina tu walikuwa wameshajitenga na watu wa ngoma. Ala zao zilitoka Misri: udi, kanuni, nai, fidla, tari na dumbaki. Kwa miaka mingi waliimba Kiarabu, hata wale ambao Kiarabu chao kiliishia msikitini. Shingo ya udi haina vizuizi, hivyo kidole hutua katikati ya sauti mbili ambazo piano huzitenga, na hapo katikati ndipo penye utamu wa maqamu kama rasti na bayati. Aliyezoea sauti hizo akisikia piano huiona kama kibogoyo. Mpaka leo usiku wa Ikhwani hufunguliwa kwa bashrafu, kipande kisicho na maneno, wapigaji wote wamekaa kimya na nyuso zao kavu, na hapo hajaribu mtu kusimama kucheza.

Ng'ambo ya mkondo wa Creek waliishi watu wengine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi aliyeingia mjini akiuza vyungu, alijifunza kuimba kwa watu wa udi, kisha akafanya lile ambalo wao hawakulifanya: akaimba Kiswahili, akaimba habari za mtaani, za mahakimu na wenye nguvu na waliodhulumiwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake, akina Subeti Ambari, Mbaruk na Maalim Shaaban, walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Chapa ya kampuni ilikuwa ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Sahani zikauzwa pwani nzima, na mtu wa Lamu au Tanga aliyezisikia hakuhitaji kuambiwa kuwa yule si mwimbaji wa kasri. Alikuwa na udi uleule na fidla ileile. Tofauti ilikuwa lugha, na mapigo, na nani anayesemwa ndani ya wimbo.

Hapa ndipo msimamo wangu unapoanzia. Wako wanaoisimulia taarab kama mto wenye chanzo kimoja, na kila kilichoongezeka njiani kwao ni tope. Mimi naona kinyume. Vikundi vya Unguja na Mombasa vilijulikana kimoja kwa kimoja kwa kile kilichoazimwa, na kwa ushupavu wa kukishikilia. Ikhwani waliazima Cairo wakakataa kuiacha. Filamu za Misri zilipoanza kuonyeshwa, na Mohamed Abdel Wahab akaongeza selo na kodiani katika bendi yake, wao nao wakaongeza. Siku za matamasha ya Umm Kulthum katika redio ya Cairo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kulikuwa na nyumba za Mji Mkongwe ambazo hazikupokea wageni.

Wanawake walikwenda mbali zaidi. Walianza na majina ya Kiarabu, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, kisha, wakati wa Waingereza, vikazuka vyama vya akina mama vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy. Jeshi la anga na jeshi la maji, mabibi wa Unguja wenye mabuibui! Kila chama na sare yake, washabiki wake, mafumbo yake ya kumchoma mwenzake, na usiku wa maonyesho wapenzi walisogea jukwaani kumtunza mwimbaji noti mbele ya macho ya mahasimu. Sahani za rumba za Cuba, zilizouzwa Afrika kwa alama ya GV, nazo zikaacha mapigo yao. Mpiga dumbaki wa Unguja anayajua kwa majina, rumba na bolero na chacha, pamoja na wahda wa nuss wa Kimisri.

Na palikuwa na kidumbak. Huu ndio muziki wa Ng'ambo ambao waungwana waliukalia kimya. Vyombo vyake vichache: fidla moja, ngoma mbili ndogo zilizobandikwa jina la dumbaki ya Kimisri, cherewa za vifuu, vijiti vya mkwasa, na sanduku. Hilo ni sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai, likapinduliwa kifudifudi, likatiwa kamba moja iliyofungwa kwenye fimbo. Mpigaji huivuta fimbo kwa mkono mmoja kubadili sauti na kwa mkono wa pili anaidonoa kamba, na nyumba nzima hutetemeka kwa besi ya bure. Nyimbo mara nyingi ni zilezile za taarab, zimeongezwa mwendo, moja ikiungwa na nyingine bila kupumzika, na hapo hakuna anayekaa kitini. Makame Faki alikuwa akiimba taarab ya heshima na Culture Musical Club, chama kilichoanza mwaka 1958, na huyohuyo akiongoza kidumbak. Kwa hiyo mtu mmoja angeweza kuwa na sura mbili, akibadili ala tu.

Mombasa nayo haikuwa na haja ya kufuata Unguja. Juma Bhalo alizichukua sauti za filamu za Kihindi, akazitia mashairi ya Kiswahili, akawa na watu wake. Zein l'Abdin, mtu wa Lamu, alishika udi na lahani za Kiarabu za Yemen na Hijaz, akaimba mashairi yaliyotungwa na mabingwa kama Ahmed Sheikh Nabhany. Ukimsikia mtu wa Mombasa akisema anampenda mmoja kati ya hawa wawili, umeshajua mengine mengi juu yake. Tanga, Black Star na Lucky Star wakaingiza gitaa la umeme. Kila mji na mkopo wake.

Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakamwondoa Sultan Jamshid, na waliosalimika na wenye uwezo wa kukimbia wakakimbia: Mombasa, Dar es Salaam, Cairo, Dubai, London. Ikhwani Safaa ikapokonywa jina lake la Basra na kuitwa kwa jina la mtaa wa Malindi. Ilichukua miaka mingi kulirejesha. Culture ikawa mkononi mwa serikali. Muziki haukufa, ila watu wake wakatawanyika, na waliotawanyika walibeba nyimbo za kabla ya tarehe ile. Jambo hilo tulishike, maana baadaye linaeleza kwa nini baadhi ya wazee wa Bawshar huzijua nyimbo za miaka ya 1950 kuliko vijana wa Darajani kule Unguja.

Oman haikuwafungulia mlango mara moja. Sultan Said bin Taimur hakuwataka watu waliosoma, na wengi waliokuwa na nasaba ya Oman walikwama Ghuba wakifanya kazi za watu. Mambo yaligeuka tarehe 23 Julai 1970, Qaboos alipomwondoa baba yake na kuwaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Kwa nchi yenye skuli tatu, Mzanzibari aliyemaliza sekondari alikuwa dhahabu. Wakaingia wizarani, benki, hospitali, kampuni ya mafuta, mashuleni. Wengi walifika bila Kiarabu cha kutosha kuandika barua ya kazi, lakini Kiingereza chao kiliwapandisha vyeo, na wenyeji wengine hawakulisahau hilo. Wakaitwa Zinjibari, wote, hata aliyezaliwa Bujumbura na asiyewahi kuliona jiwe la Mji Mkongwe.

Wao kwa wao walijua tofauti. Kulikuwa na watu wa Unguja na Pemba. Kulikuwa na watu wa Mombasa. Na kulikuwa na watu wa bara, waliokulia Tabora au Ujiji, Burundi, Rwanda, hata Kongo ya mashariki, ambao Kiswahili chao kilichanganyika na Kifaransa na masikio yao yalilelewa na rumba ya Franco na Tabu Ley. Al Khuwair na Ghubra zilipokuwa zinajengwa nyumba kwa nyumba, nyumba ya mtu ungeijua kwa kanda zilizokuwa karibu na redio yake.

Lakini sauti ya Afrika haikufika Oman pamoja nao. Ilikuwapo karne nyingi kabla, katika lewa. Lewa hupigwa nje, kwa duara. Katikati huwa na ngoma, na moja kubwa inaitwa msondo, jina ambalo mtu wa Unguja hahitaji kutafsiriwa, kwani msondo ndio aliokuwa akiupiga mwimbaji wao Bi Kidude katika unyago. Mpiga zumari huzunguka, mashavu yamejaa, na wachezaji wanazunguka naye polepole, hatua mbele, nusu hatua nyuma. Mara nyingi huongezwa debe la bati linalopigwa kwa vijiti. Maneno ya Kiswahili yamo, mengine yameshapindika hata waimbaji wenyewe hawayafahamu tena. Waliouleta muziki huu pwani ya Batina na Sur hawakualikwa na mfalme. Wengi waliletwa kwa nguvu majahazini, na utumwa Oman ulifutwa rasmi mwaka huohuo wa 1970.

Mwaka 1983 kikaanzishwa Kituo cha Oman cha Muziki wa Jadi, na watu wake wakazunguka wilaya zote na kinasa sauti na kamera. Lewa ikarekodiwa, maydani ikarekodiwa, tanbura ya Sur, razha ya panga, azi ya mashairi, bara ya Dhofar. Zote zikaandikwa kuwa ni mali ya Oman. Bara ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2010 na azi mwaka 2012. Sina ugomvi na orodha hiyo. Kazi iliyofanyika ni kubwa na imeokoa mengi. Ila tazama mantiki yake. Muziki wa waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika uliingia katika jadi, kwa kuwa ulikaa muda mrefu mpaka watu wakasahau kwamba ulifika. Muziki ulioanzia baraza ya sultani wa Kibusaidi, ukiwa na udi na maqamu na beti zenye mizani nane kwa nane, ulifika ndani ya mkoba wa abiria wa ndege, na mkoba ulikuwa na tiketi ya juzi. Kinachohesabiwa si damu ya muziki wala ala zake. Ni tarehe ya kufika.

Kuna mmoja aliyepita katikati ya milango hiyo. Salim Rashid Suri, baharia wa Sur, aliyezaliwa karibu mwaka 1910, alijifunza kuimba sauti, mtindo wa nyimbo wa Khaliji, yaani Ghuba, akiwa kazini majahazini, akahamia Bombay, na katika miaka ya 1930 akaanza kutoa sahani zake mjini humo, mji uleule uliomrekodi Siti. Baadaye Bahrain alifungua chapa yake ya sahani. Mwaka 1971 akarudi Oman na serikali mpya ikampa heshima ya mshauri wa utamaduni. Udi wa Salim ulikuwa umeonja India na Yemen na bahari nzima, kama udi wa Unguja, lakini yeye alikuwa mtoto wa Sur akiimba Kiarabu, na swali la kwao halikuulizwa.

Qaboos mwenyewe alikuwa na masikio ya mbali. Alisoma Sandhurst, alipenda muziki wa Ulaya, na mwaka 1985 aliamuru iundwe Orkestra ya Simfoni ya Kifalme. Haikuundwa kwa kukodi wageni. Vijana wa Kiomani, na baadaye mabinti pia, walichukuliwa wakafundishwa kusoma noti tangu alifu, wakapewa fidla, obo na pembe, na tarehe 1 Julai 1987 wakapiga onyesho lao la kwanza katika hoteli ya Al Bustan Palace. Barghash alimpeleka mtu mmoja Cairo; mzao wa ndugu yake aliileta Vienna nzima Maskati. Nia ni ileile. Mtawala anachagua sauti ya mbali na kusema: hii nayo ni yetu.

Ndiyo maana sikushangaa Jumba la Opera lilipofunguliwa Shati al-Qurum tarehe 12 Oktoba 2011 kwa Turandot. Ilikuwa opera ya Mwitaliano Puccini, kuhusu binti mfalme wa China, kisa chake kikitoka katika hadithi ya Kiajemi, ikiongozwa na Mhispania Plácido Domingo, ndani ya wilaya ambayo miaka arobaini nyuma ilikuwa na falaji na mitende. Watazamaji 1,100 walikaa kwenye viti vya jumba hilo na hakuna aliyeuliza uraia wa wimbo. Mali ya mfalme haiulizwi ilikotoka. Mwaka 2019 pakaongezwa jengo la pili kando yake, la sanaa za muziki.

Taarab ilibaki mahali pake pa siku zote, harusini. Harusi ya Waomani wa asili ya Afrika Mashariki hapo Bawshar ni mbili kwa moja. Wanaume huwa na akdi yao, halua na kahawa ya iliki, mashairi na bunduki za mapambo ikiwa familia ina watu wa bara ya Oman wa kucheza razha. Wanawake huwa na ukumbi wao wa usiku, wenye kiti cha bibi harusi kama cha enzi, taa za rangi, na milango iliyofungwa barabara, simu zenye kamera zikiachwa nje au zikikatazwa. Huko ndiko Kiswahili kinakoshika hatamu. Mwanamke ambaye mchana kutwa ofisini amesema Kiarabu cha Maskati akisikia kibwagizo cha Unguja huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na namna anavyoinua mkono huo aliirithi kwa mama yake, ambaye aliirithi kwa washabiki wa Royal Navy.

Kuanzia miaka ya 1990 mambo yakavurugika kidogo, kwa watu wenye ladha ya zamani. Dar es Salaam ikazaa taarab ya kisasa: kinanda cha umeme badala ya safu ya fidla, mapigo makali, na mipasho isiyofichwa. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilimchukua Khadija Kopa, aliyekuwa nyota wa Culture Unguja, na upande wa pili Muungano ikawa na Nasma Khamis. Kanda zao zilifika Maskati kwa mikoba ya wasafiri. Wazee waliosoma bashrafu kwa moyo walikunja uso. Mabinti walifurahi. Ningesema wote walikuwa na haki, isipokuwa mzee aliyesema hii si taarab kwa sababu imechanganywa. Huyo alisahau sahani za GV na sanduku la chai.

Sasa kimeingia kizazi cha tatu, kilichozaliwa Maskati, na hiki kina mkopo wake ambao Barghash asingeuota. Watoto wa Ghuba walilelewa na katuni za Kijapani. Kwanza Grendizer, iliyovaa wimbo wa Kiarabu wa Mlebanoni Sammy Clark. Kisha, tangu mwaka 2000, chaneli ya Spacetoon, ambamo karibu kila katuni ilitiwa wimbo mpya wa kufungulia, nyingi za Tarek Alarabi Tourgane na sauti ya Rasha Rizk kutoka Syria. Mtoto wa Azaiba, Maskati, akiulizwa wimbo wa utotoni hataji udi wala kidumbak. Hutaja wimbo wa Rasha Rizk, Kiarabu fasihi juu ya picha za Tokyo.

Kutoka hapo wengine wameendelea hadi katuni za vikundi vya waimbaji wasichana, na ukizitazama kwa jicho la mtu wa taarab utacheka. Wajapani wamefanya kwa makusudi lile lililotokea Unguja lenyewe. Macross ya mwaka 1982 ilimweka mwimbaji, Lynn Minmay, katikati ya vita, na nyimbo zake zikawa silaha. Love Live!, iliyoanza mwaka 2010, ilikipa kikundi cha μ's kazi ya kuiokoa skuli yao isifungwe. BanG Dream! ikagawa vikundi kwa ala na sauti: Roselia wana magitaa mazito na mavazi meusi, Hello, Happy World! wana sare za gwaride na mdundo wa bendi ya barabarani. Mtunzi anaamua kwanza kikundi kitaazima wapi, ndipo tabia za wasichana, mashindano yao na washabiki wao vinapofuata. Mabibi wa Royal Air Force wangeielewa biashara hiyo bila tafsiri. Hata bendi ya Wagoa wa Barghash ingepata nafasi.

Tofauti iko katika kuchagua. Kikundi cha katuni hupewa ladha moja ili kitambulike haraka na kiuzwe. Ikhwani walikesha miaka wakibishana kama kodiani inafaa. Kidumbak haikuchagua, ilitumia kilichookotwa. Na vikundi vya harusi vya Maskati havina anasa ya kuchagua hata kidogo, kwa sababu katika ukumbi mmoja wamekaa watu wa mikopo mitano.

Kwa hiyo mpiga kinanda anayejua kazi yake huuliza maswali mapema. Bibi harusi kwao wapi, na bwana je? Unguja au Pemba? Kuna watu wa Bujumbura? Kinanda chake lazima kiwe kile chenye vitufe vya robo sauti, ama sivyo nyimbo za Kimisri zitatoka bapa na bibi fulani wa mstari wa mbele atageuza uso. Hufungua kwa Kiarabu, taratibu, wageni wakiwa bado wanaingia na sahani za sambusa zinapita. Halafu Khaliji kwa ajili ya upande wa bwana harusi ambao hawajui Kiswahili. Halafu nyimbo za Unguja za zamani, ambazo wanawake wenye umri huziimba kumshinda mwimbaji. Akiona meza ya watu wa bara imeanza kupiga saa macho, anatupia rumba. Khadija Kopa anamweka baada ya chakula, maana akimtoa mapema ukumbi hautulii tena. Bongo Fleva ni ya mwisho, wazee wakishaanza kutafuta viatu vyao, na mara mojamoja wasichana wa nyuma humtumia kikaratasi wakiomba wimbo wa Spacetoon. Kama ana kichwa, anaujua.